Henry Ford: Fundi aliyewasha injini kwenye sinki la mkewe

JIONI ya mkesha wa Krismasi mwaka wa 1893, Clara Ford alikuwa jikoni mwake katika barabara ya Bagley jijini Detroit, Marekani, akiandaa mapochopocho ya sikukuu. Mwanawe wa pekee, Edsel, alikuwa hajatimiza hata miezi miwili. Mara mumewe akaingia na kijimtambo kilichofungwa juu ya kipande cha ubao, akakibana kwenye sinki na kumsihi aache upishi kidogo amsaidie.

Henry Ford alikuwa na umri wa miaka 30 wakati huo, na alikuwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Edison mjini humo. Chuo cha uhandisi hakuwahi kukiingia. Elimu yake yote ya mitambo aliipata kwa kufungua vitu, kuvichunguza na kuviunga upya.

Alizaliwa Julai 30, 1863, katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Babake, William, mhamiaji kutoka Ireland, alitumaini kwamba kijana angerithi jembe. Kijana mwenyewe hakulipenda jembe hilo hata kidogo. Saa ya mfukoni ilipomfikia mkononi aliifumua na kuirejesha ilivyokuwa, na haikupita muda majirani wakawa wanamletea zao zilizoharibika. Vifaa vya kununua hakuwa navyo, hivyo alichonga msumari ukawa bisibisi.

Mwaka wa 1876, miezi michache baada ya kufiwa na mamake, Mary, alikutana njiani na injini ya mvuke iliyokuwa ikijikokota bila farasi. Aliruka kutoka kwenye gari la babake na kumwandama mwendeshaji kwa maswali. Miaka mitatu baadaye aliondoka nyumbani kwenda Detroit kujifunza ufundi wa vyuma. Ujira ulikuwa haba mno hata usiku akalazimika kutengeneza saa katika duka la sonara.

Aliporudi kijijini mnamo 1882 aliaminiwa kuendesha injini ya mvuke ya jirani, kisha kampuni ya Westinghouse ikamwajiri azunguke mashambani akitengeneza mitambo ya wateja wake. Kulingana na masimulizi yake ya baadaye, mwaka wa 1885 aliitwa Detroit kutengeneza injini ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Nikolaus Otto. Injini hiyo haikuhitaji tangi la maji ya kuchemsha. Pistoni ilivuta hewa na mafuta, ikavishindilia, cheche ikavilipua, kisha moshi ukasukumwa nje. Hatua hizo nne ndizo zinazoendesha hadi leo injini nyingi ndogo za kukatia nyasi.

Tatizo lilikuwa cheche. Ford hakuujua umeme, na bila cheche injini ya namna hiyo ni chuma kitupu. Hiyo ndiyo sababu mnamo 1891 alimwomba Clara, waliyeoana miaka mitatu awali, waiache nyumba yao mpya shambani wahamie mjini, ili aajiriwe na kampuni ya umeme. Clara alikubali, ingawa haikuwa rahisi kwake.

Turejee kwenye sinki. Silinda ya kijimtambo hicho ilikuwa kipande cha bomba la gesi chenye upana wa takriban inchi moja, na gurudumu zito la kusawazisha mwendo lilitoka kwenye mashine kuukuu ya kukerezea vyuma. Kabureta hakikuwa nayo, na kazi hiyo alipewa Clara, aliyedondosha petroli kwa mkono tone baada ya tone. Waya kutoka kwenye taa ya jikoni ulileta cheche. Henry alizungusha gurudumu, injini ikashika, sinki likatetemeka na ndimi za moto zikatoka kwenye tundu la moshi. Petroli, moto na mtoto mchanga katika nyumba moja: ni wake wachache ambao wangevumilia. Muda si muda aliizima. Alikuwa amethibitisha alichotaka kujua.

Juni 4, 1896, kabla ya mapambazuko, gari lake la kwanza lilikuwa tayari katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Ndipo fundi alipogundua kwamba mlango ulikuwa mwembamba kuliko gari. Alichukua shoka akabomoa ukuta wa matofali.

Kampuni mbili za mwanzo hazikumfaa. Ya tatu, iliyoanzishwa mwaka wa 1903, ilitoa Model T mnamo 1908, na kufikia 1927 magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalikuwa yameundwa. Kifuniko cha juu cha injini yake kilifunguka peke yake, hivyo mkulima aliweza kuitengeneza uani pake kwa spana chache.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, alipoleta mfumo wa magari kuunganishwa yakisogezwa mwaka wa 1913, aliwafanya wafanyakazi wake wakaze parafujo ile ile kutwa nzima. Wengi walitoroka, na mwaka uliofuata akawapandishia ujira hadi dola tano kwa siku. Chuma alikielewa kuliko watu. Katika miaka ya 1920 gazeti lake lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi, na vyama vya wafanyakazi alivipiga vita hadi 1941.

Edsel alifariki mwaka wa 1943, babake angali hai. Usiku wa Aprili 7, 1947, mafuriko ya mto Rouge yalikuwa yamezima umeme katika jumba la Ford huko Dearborn. Alikata roho akiwa na umri wa miaka 83, kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta, Clara akiwa kando yake.