Marehemu Mama Mugaya wa Nyang'ombe

Katika kuadhimisha miaka 10 ya ushirika wetu, twaona ni haki kumkumbuka mama mkulima, maana mizizi ya ushirika imo katika jamaa, na jamaa hutunzwa na mama.

Mama Mugaya alizaliwa mwaka 1892 katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Aliolewa na Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, akawa mke wa 5 katika wake 22. Alizaa watoto 8, wawili wakafariki wangali wachanga. Mmoja wa waliosalia, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa mama yake mtoto huyo alilima na kuchunga mbuzi, hata alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Mtemi alifariki mwaka 1942, mama akabaki mjane. Miaka 20 baadaye Kambarage, ndiye Mwalimu Julius Nyerere, akawa Rais wa Tanganyika katika Ikulu ya hapa Magogoni. Mwaka uo huo alieleza kwamba chanzo cha ujamaa ni jamaa ya Kiafrika. Nasi twaamini kuwa jamaa ya kwanza aliyoijua ni ile ya nyumba ya mama yake.

Mama Mugaya alifariki mwaka 1997, umri wake umepita miaka 100.

Wanachama wenzetu, madaftari yetu yamejaa majina ya waume, hali jembe li mikononi mwa wake zao. Katika miaka 10 ijayo, na wao waandikwe.