Elijah Masinde: Mchezaji Aliyehukumiwa Nje ya Uwanja

Uwanja wa Kanduyi mjini Bungoma unaitwa kwa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1992. Hata hivyo, Masinde aliyesakata kandanda ni mwingine, naye ni Elijah Masinde. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa sababu yanazua swali ambalo kila mpenzi wa michezo analijua: je, makosa yanayofanana huadhibiwa kwa kipimo kimoja?

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili, katika jamii ya Wabukusu, mnamo mwanzo wa miaka ya 1910. Akiwa kijana alisifika kwa kabumbu, na mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Michezo ya wakati huo ilitengwa kwa misingi ya rangi: Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Hata hivyo, ndani ya mistari ya uwanja palikuwa na sheria iliyojulikana na wote. Kadi nyekundu hazikuwapo, kwani zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970, lakini mchezaji aliyetolewa alijua kosa lake, na mechi ilipokwisha adhabu haikumfuata hadi nyumbani kwake.

Nje ya uwanja mambo yalikuwa kinyume. Upande wa Kitale, mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalikuwa yamegawiwa walowezi wa Kizungu, na Wabukusu wengi waliishi humo kama vibarua. Masinde, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, alitengwa na kanisa hilo alipooa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dini ya Msambwa, iliyowarejesha wafuasi kwa Mungu wa mababu na kudai Wazungu waondoke. Aidha, alipinga vijana kuandikishwa kwa nguvu kufanya kazi wakati wa vita, na wakulima kulazimishwa kung'oa magugu.

Mwaka wa 1945 serikali ilimkamata na kumpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikokaa hadi mwaka wa 1947. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mkosaji hupewa adhabu yenye kikomo, lakini anayeitwa mwendawazimu hunyang'anywa hata haki ya kujibu. Mwezi wa Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Muda mfupi baadaye Masinde alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na kwao, kwa zaidi ya miaka 10. Dini yake nayo ilipigwa marufuku.

Haifai kumchora Masinde kama malaika. Maneno yake yalikuwa makali, na wafuasi wa dini hiyo walihusishwa na uchomaji wa majengo na mali. Lakini suala si kama kulikuwa na makosa. Suala ni nani aliyeketi kuamua. Wahenga walituonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Mlalamikaji, mwamuzi na mlinzi wa gereza walikuwa wa timu moja.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba rangi peke yake ndiyo iliyokuwa tatizo. Hata hivyo, baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, marufuku iliondolewa, kisha ikarudishwa mwaka wa 1968, na Masinde akatiwa gerezani tena, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Alifariki mwaka wa 1987. Kumbe kubadilisha rangi ya mwamuzi hakutoshi ikiwa kipenga kinabaki mikononi mwa mwenye timu.

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kukusanya masimulizi ya unabii wake, ambayo hayakosekani katika vijiji vya Kimilili. Ni vyema tukumbuke pia yule kijana aliyekimbia na mpira, katika mahali pekee ambapo sheria ilimtambua kuwa mchezaji kama wengine.