Moïse Tshombe na askari waliobaki kambini

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1963, Kolwezi ulikuwa muji mukubwa wa mwisho uliobaki mikononi mwa Moïse Tshombe. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville, ndiyo Likasi. Tshombe alitisha kwamba mitambo ya shaba na mabwawa ya umeme yatalipuliwa. Halafu akaacha. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi bila vita kubwa, na inchi ya Katanga ikaisha.

Kwa Tshombe, miezi michache nyuma, njia ilikuwa ndege ya kwenda Ulaya. Kwa majandarme wake ilikuwa ingine. Maelfu walivua uniforme na kurudi vijijini kimya-kimya. Wengine walifuata reli ya Mutshatsha na Dilolo, wakavuka mupaka na silaha zao, wakaingia Angola ya Wareno.

Tshombe mwenyewe alikuwa mutoto wa upande huo. Alizaliwa tarehe 10 novemba 1919 kule Musumba, muji wa Mwant Yav, mufalme wa Walunda, katika territoire ya Kapanga. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mufanya biashara tajiri. Wamisionere wa Metodiste walimusomesha, akajifunza kazi ya hesabu, na akaoa Ruth, binti ya Mwant Yav. Biashara hazikumuendea vizuri, lakini siasa ilimukubali. Chama cha Conakat kilizaliwa 1958, naye akakiongoza.

Tarehe 11 julai 1960, siku kumi na moja tu kisha uhuru, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Congo. Union Minière ililipa kodi kwake, na maofisa Wabelgiji wakamutengenezea jeshi, ndiyo jandarmeri. Vijana wengi wa kusini waliingia, maana mushahara ulikuwepo.

Jeshi hilo liliacha vidonda. Kaskazini mwa Katanga, ambako Wabalubakat walikataa kujitenga, vijiji vilichomwa na watu wengi walikufa. Patrice Lumumba naye aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 januari 1961, akiwa mikononi mwa serikali ya Tshombe. Mambo hayo mpaka leo hayajasahauliwa.

Kule Angola, askari wale waliishi kambini kwa kungojea. Jirani zao walikuwa Walunda na Wachokwe, watu wa luga ileile, kwa hiyo hawakuwa wageni kabisa. Lakini nyumba ilikuwa ngambo ya mupaka. Aliyeacha bibi na watoto Kolwezi hakujua kama wanakula, wala kama serikali mupya inawasumbua juu yake. Neno moja ndilo lilishikilia kambi: Tshombe atarudi, na atatuita.

Alirudi kweli. Mwezi wa saba 1964 aliitwa Kinshasa kuwa Waziri Mukuu, maana waasi Simba walikuwa wanashika mashariki. Akawaita askari wake kutoka Angola. Walakini hakuwapeleka nyumbani. Aliwatuma vitani pamoja na mamersenere wazungu, upande wa Kivu, Maniema na Kisangani. Wazee wa majimbo ya mashariki wanakumbuka namna walivyopita.

Mwezi wa kumi 1965 Rais Kasavubu akamufukuza Tshombe kazini, na mwezi uliofuata Mobutu akakamata mamlaka. Tshombe akakimbilia Hispania. Askari wake walibaki Kisangani, mbali na kwao, chini ya mukubwa asiyewaamini. Julai 1966 waliasi, wakashindwa. Julai 1967 waliasi tena pamoja na Jean Schramme, wakashika Bukavu kwa miezi mitatu, halafu wakakimbilia Rwanda. Wazungu walirudishwa Ulaya. Wakatanga waliahidiwa musamaha, wakarudishwa Congo, na wengi hawakuonekana tena.

Wakati huo Tshombe alikuwa amekwisha kufungwa. Tarehe 30 juni 1967 ndege aliyopanda kule Hispania ilitekwa hewani na kupelekwa Algiers. Kinshasa ilikuwa imemuhukumu kifo, ikaomba aletwe. Algeria haikumutoa, lakini haikumufungulia vilevile. Aliyewaacha wengine wakingoja, sasa njo yeye alingoja. Alikufa kifungoni tarehe 29 juni 1969, na miaka 49. Ilisemwa ni moyo. Alizikwa Ubelgiji, si Musumba.

Kambi za Angola hazikufa pamoja naye. Wengine walivuka tena 1967, na mwaka uliofuata chama cha FLNC kikazaliwa chini ya Nathanaël Mbumba. Wareno waliwatumia kupigana na wapigania uhuru wa Angola. Kisha wakageukia MPLA. Watoto walizaliwa kambini, wakasikia habari za Kolwezi kabla ya kuiona.

Waliiona kwa bunduki. Machi 1977 walivuka mupaka, wakafika Mutshatsha, wakarudishwa nyuma. Tarehe 13 mei 1978 waliingia Kolwezi yenyewe. Ndani ya siku chache maparakomando Wafaransa na Wabelgiji wakashuka, na mamia ya watu, weusi na wazungu, walikuwa wamekufa. Wakaaji walikimbilia porini. Waliotaka kurudi nyumbani walirudi kama adui.

Juu ya Tshombe, watu wa Katanga hawasemi neno moja. Kuna wanaomuona mutetezi, kuna wanaomuona musaliti. Lakini kosa moja linaonekana pande zote: alikusanya vijana, akawapa silaha, na hakuwapangia njia ya kurudi kwa bibi na watoto wao. Kolwezi ililipa deni hilo miaka tisa kisha kufa kwake.