Thurgood Marshall, jaji aliyepinga adhabu ya kifo hadi mwisho

Hapa Kenya jina la Thurgood Marshall hutajwa kwa sababu ya mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Wakili huyu Mmarekani mweusi aliwashauri wajumbe wetu wa Kiafrika na kuwaandalia rasimu ya haki za raia. Lakini vita vyake virefu zaidi vilikuwa kwao Marekani, na uwanja wake mkubwa ulikuwa jimbo la Georgia.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa hakipokei weusi, akasomea Howard na kuhitimu mwaka 1933. Akawa wakili wa kuzunguka majimbo ya kusini, akitetea weusi mbele ya majopo ya wazungu watupu. Huko ndiko alikoona jinsi maskini anavyoweza kupelekwa kunyongwa kwa ushahidi mbovu.

Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1972 ikafika kesi ya Furman kutoka Georgia. Sheria ya huko ililiachia jopo liamue nani afe na nani aishi, bila mwongozo wowote. Majaji 5 dhidi ya 4 wakaitengua, na wafungwa zaidi ya 600 kote nchini wakaponea. Marshall na mwenzake Brennan walikwenda mbali zaidi: kwao adhabu yenyewe haikufaa kwa yeyote.

Georgia haikukubali kushindwa. Mwaka 1973 ikatunga sheria mpya: hatia iamuliwe kwanza, adhabu baadaye, jopo litaje jambo linaloongeza uzito wa kosa, na mahakama kuu ya jimbo ipitie kila hukumu ya kifo. Mwaka 1976 majaji 7 wakaipitisha. Wawili wale wale wakapinga.

Kisha mwaka 1987 ikaja kesi ya Warren McCleskey, mtu mweusi aliyehukumiwa kwa kumuua polisi mzungu. Utafiti wa kesi zaidi ya 2,000 za Georgia ulionyesha kuwa aliyeua mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeua mweusi. Majaji 5 wakasema takwimu hizo hazithibitishi kuwa McCleskey mwenyewe alibaguliwa. Marshall alikuwa miongoni mwa 4 walioshindwa. McCleskey aliuawa kwa kiti cha umeme Septemba 1991, siku chache kabla ya Marshall kuondoka mahakamani.

Marshall alifariki Januari 1993, akiwa na miaka 84. Georgia ingali na adhabu hiyo hadi leo.

Wapo watakaosema alipoteza muda wake. Mimi sioni hivyo. Damu ya aliyeuawa ina thamani, na hilo hakuna anayelipinga. Lakini mizani inayopima damu ya mmoja kuwa nzito kuliko ya mwingine haiwezi kuitwa haki. Wazee wetu walisema mnyonge hana haki. Kwa miaka 24 kwenye kiti chake, Marshall alikataa maneno hayo yawe sheria.