Mwalimu wa kigugumizi na mchezo wa maneno

Krismasi ya mwaka 1877, kule Uingereza, wasichana wawili walichoka kukaa bule. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na mchezo. Wakamwomba mwalimu mmoja waliyejuana naye awatumie vitendawili. Vitendawili hakuwa navyo karibu, basi akatunga mchezo mpya kabisa, wa karatasi na kalamu tu.

Mwalimu ule alikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll. Leo tunawaelezea maisha yake, sababu mchezo wake unafaa nyumba zetu, hata jioni ile umeme unakatika na batoto beko wanagombana.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Watoto wa nyumba ile walikuwa 11. Yeye alikuwa wa tatu, na mwanaume wa kwanza. Mwenye kukomalia katika jamaa kubwa anajua: mukubwa njo anachunga wadogo. Charles aliwatungia wadogo wake michezo, akawaandikia na gazeti la nyumbani kwa mkono.

Lakini alikuwa na kigugumizi. Neno liko kichwani, kinywa kinakataa kulitoa. Wengine katika ndugu zake walikuwa nacho vilevile. Mwaka 1851 alienda kusoma Oxford, na siku chache tu kiisha kufika kule, mama yake akafa. Alirudi masomoni, akamaliza, na tangu 1855 akafundisha hesabu palepale. Kigugumizi hakikumwacha mpaka uzee.

Mdomo ulikuwa mzito, lakini karatasi ilimtii. Mwaka 1856 alitengeneza jina lake la uandishi: alichukua majina yake mawili, akayatia katika Kilatini, akayapindua, akayarudisha katika Kiingereza. Mwaka 1865 akatoa kitabu cha Alice, kitoto kike chenye kuanguka katika shimo la sungura. Kitabu kile kilikuja kugeuzwa katika lugha nyingi, na mwaka 1940 kikatoka hata katika Kiswahili.

Turudi kwa mchezo wake. Aliuita Doublets. Unachukua maneno mawili yenye herufi sawasawa kwa hesabu. Unatoka kwa neno la kwanza, unageuza herufi moja tu, lakini lazima upate neno la kweli. Unageuza moja tena, mpaka kufika kwa neno la mwisho. Kubadilishana nafasi za herufi hakuruhusiwi. Mwenye kupita kwa maneno machache njo anashinda.

Tuliujaribu katika Kiswahili, na unakubali. Kutoka BABA mpaka MAMA: BABA, HABA, HAMA, MAMA. Na huu ni wa wenye kushuka katika mugodi, kutoka KAZI mpaka PESA: KAZI, KASI, PASI, PASA, PESA. Kumbe kutoka kazi mpaka pesa safari ni ya hatua nne! Herufi zote nne zinageuka, basi hakuna njia fupi kuliko ile.

Mwaka 1879 gazeti la Vanity Fair kule London lilianza kuchapa mchezo huu kwa mashindano, na mwaka ule ule ukatoka katika kitabu. Hapo matata yakaanza. Wasomaji walileta maneno ya ajabu, wengine wakakataa, wakisema yale si maneno. Dodgson hakuwaacha wagombane. Alitengeneza orodha ya maneno yenye kukubaliwa, kila mtu ajue mpaka uko wapi.

Pale njo kuna fundisho kwa mwenye kuchezesha nyumbani. Kupatana kunatangulia. Tunacheza kwa Kiswahili cha shule ao cha mji wetu? Neno la bibi, lenye vijana hawalijui, linaingia? Sisi tunasema liingie, kama bibi anaweza kueleza maana yake. Kiisha, kila mtu apewe karatasi yake na kalamu yake, aandike pole pole. Saa haifai kuwa fupi sana. Tena mwenye kuchezesha asishindane na wengine: kazi yake ni kuchagua maneno, kuamua, na kusoma majibu kwa sauti.

Ile ya mwisho tunaikazia. Katika nyumba mingi iko mutoto mumoja mwenye kuchelewa kusema, na wengine wanamucheka. Kwa mchezo wa kujibu kwa mdomo, atashindwa kila siku. Mbele ya karatasi, yeye na wengine beko sawa. Baba mwenye kutoka kazi ya usiku na koo kavu, naye vilevile.

Dodgson aliendelea kutafuta mpaka mwisho. Mwaka 1891, sababu mawazo yalikuwa yanamujia usiku, alitengeneza karatasi ngumu yenye matundu 16 ya mraba, ili aandike gizani bila kuwasha taa. Wenye kutumika chini ya udongo wanajua giza ni kitu gani, na watamusikia vizuri. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 14 Januari 1898 katika mji wa Guildford, nyumbani kwa dada zake. Zilibaki siku 13 tu atimize miaka 66.

Kwa leo jioni tunawaachia mumoja mwepesi: mutoke kwa TAKA mpaka PATA. Katikati kunaingia neno moja tu. Mukiona batoto wamelipata mbele ya wakubwa, musikasirike.