Muindi Mbingu: Mfungwa wa Lamu Aliyetetea Ng'ombe wa Ukambani

Ukifika Nairobi ukapita kando ya soko kuu la mji, pale wauzapo nyama na maua, utakuwa umekanyaga mtaa uitwao Muindi Mbingu. Maelfu hupita hapo kila siku, wala wengi hawaulizi jina hilo ni la nani. Lakini sisi watu wa pwani tuna haki ya kuuliza, maana mtu huyo aliletwa kwetu Lamu akiwa mfungwa wa serikali ya kikoloni, na hakupata kusimamishwa mbele ya hakimu.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa Mkamba wa Ngelani, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Machakos. Siku hizo nchi ya Ukambani iligawanywa wilaya mbili, Machakos na Kitui. Makueni ilikuwa ni ile sehemu kavu ya kusini mwa Machakos, yenye vichaka na mbung'o, ambayo baada ya Vita Kuu ya pili serikali iliifyeka ikahamishia watu. Haikuwa wilaya peke yake mpaka mwaka 1992.

Ili tuielewe hasira ya Wakamba, yafaa tuanze na jambo ambalo sisi Waislamu hatulinywi wala hatulisifu, nalo ni pombe. Wakamba walikuwa na kileo chao kiitwacho uki, kilichotengenezwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda la mti wa muratina. Asali ya Kitui ilijulikana mbali kwa wingi wake. Uki haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa wa wazee. Ulipelekwa ukweni wakati wa kuposa, uliwekwa mbele ya wazee walipoamua kesi, na ulimwagwa chini kwa ajili ya wahenga waliotangulia. Vijana na wanawake hawakuruhusiwa kuunywa.

Akaja Mwingereza na sheria ya pombe za kienyeji ya mwaka 1907, na nyingine baada yake. Mambo yaliyokuwa mikononi mwa wazee yakaingia mikononi mwa Bwana Shauri: nani apike, nani auze, wapi na lini. Huku kwetu mgema naye aliyajua mambo hayo ya kuomba ruhusa. Lau sheria hiyo ingekuja kwa kuuchukia ulevi, sisi tungekuwa wa kwanza kuipongeza. Lakini katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilifungua ukumbi wake lenyewe wa pombe kule Pumwani, likawauzia Waafrika, likazikusanya faida. Basi pombe ya mzee kijijini ilikuwa kosa, na pombe ya baraza ilikuwa halali yao. Wakamba hawakupiga kelele. Waliendelea kupika kwa siri, na uki haukwisha mpaka hii leo.

Mtungi waweza kuufunika kichakani. Kundi la ng'ombe hulifichi popote, na hapo ndipo ugomvi ulipotoka hadharani.

Ni kweli kwamba ardhi ya Machakos ilikuwa imechoka. Mvua ilikuwa haba, nzige walikuwa wamekula, na vilima vilibaki wekundu mtupu kwa mmomonyoko wa udongo. Lakini serikali iliwalaumu ng'ombe peke yao, haikuutaja mpaka iliouchora yenyewe. Vilima vya Mua walipewa walowezi wa Kizungu, na nyika ya Yatta ilihesabiwa mali ya serikali, Mkamba asichunge humo ila kwa kibali. Mtu amebanwa katika uwanja mdogo, kisha akaambiwa kosa ni mifugo yake.

Mwaka 1938 ikaja amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Walihesabiwa, wakatiwa alama kwa chuma cha moto, na waliozidi wakatakiwa wauzwe mnadani kwa bei duni. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wa rahisi. Wakamba hawakuhitaji mwalimu wa kuwaunganishia mambo hayo mawili. Ng'ombe kwao alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa, na heshima ya mzee mbele ya wenziwe.

Watu wa Ngelani wakakataa. Askari wakatumwa, wakaswaga ng'ombe wao wapatao 2,500. Ndipo kikasimama chama cha Ukamba Members Association, na ndani yake Muindi Mbingu pamoja na Isaac Mwalonzi, Elijah Kavulu na Simon Kioko. Walikula kiapo cha Kikamba kwamba hawatauza, wakaandika malalamiko hata yakafika London, na Isher Dass, mjumbe wa Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria, akawasaidia.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo Muindi alitenda jambo ambalo Nairobi haikupata kuliona. Wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya 1,500, waliondoka kwao wakashika njia ya Nairobi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Hawakuja na mishale, ingawa Mkamba na upinde ni watu wa siku nyingi. Walikuja wakaketi. Walimtaka Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awasikilize. Gavana akakataa kuonana nao mjini, nao wakakataa kuondoka. Wiki zikapita, wako palepale. Serikali ilibabaika, kwa sababu ilijua jeshi lake la K.A.R. na polisi yake vimejaa vijana wa Kikamba, na kila mmoja wao ana baba mwenye ng'ombe. Hatimaye, mwezi wa Agosti, Gavana mwenyewe alikwenda Machakos kufanya baraza.

Muindi alilipishwa kwa hayo. Baada ya muda mfupi alikamatwa akapelekwa Lamu. Hiyo ilikuwa desturi ya Mwingereza: mtu wa bara alitupwa pwani, mtu wa pwani alitupwa bara. Waiyaki wa Wakikuyu alifia Kibwezi mwaka 1892, katika hiyo Makueni ya leo, akiwa njiani kuletwa pwani. Mekatilili wa Wagiriama alipelekwa Kisii. Harry Thuku alipelekwa Kismayu. Dhana yao ilikuwa kwamba mtu akiondolewa kwa watu wasemao lugha yake, sauti yake itakufa.

Haikufa. Kabla ya mwaka 1938 kwisha, serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Kiongozi alikuwa kifungoni, na shauri lake lilikuwa limeshinda. Mwaka 1940, vita vilipokuwa vimewaka Ulaya, chama chake kilipigwa marufuku pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha ndugu zetu wa milima ya Taita, na viongozi wao wakafungwa pamoja Kapenguria. Waliotenganishwa kwa mipaka ya wilaya wakakutanishwa na gereza.

Muindi alirudi kwao baada ya miaka ya uhamisho, lakini hakuuona uhuru. Aliuawa katika miaka ile mizito ya Hali ya Hatari, Mkenya alipokuwa akimwogopa Mkenya mwenziwe.

Katika mkasa huu lipo la kutafakari. Ardhi ya Ukambani ilihitaji kutunzwa kweli, kama vile ulevi unavyohitaji kukatazwa kweli. Lakini mwenye nyumba asiposhirikishwa katika shauri la nyumba yake, hata lililo jema humjia kama wizi. Baada ya vita Wakamba haohao walichimba matuta kwa mikono yao, vilima vikarudi kuwa kijani, na leo wageni huenda kuvitazama. Udongo waliupenda tangu zamani. Muindi Mbingu alichodai ni kuulizwa kwanza, na kwa dai hilo watoto wa Lamu walimwona akitembea katika vichochoro vyao, mgeni asiye na mashitaka wala hukumu.