Mtakatifu Adelaide: Mfungwa Aliyekuja Kuongoza Dola

Tarehe 16 Desemba, tukiwa katika safari ya Majilio, tunamkumbuka Mtakatifu Adelaide, mwanamke aliyeongoza Dola Takatifu la Kirumi katika karne ya 10.

Alizaliwa mnamo mwaka 931, binti wa Rudolf II, mfalme wa Burgundia. Zama zile ndoa za wakuu zilifungwa kwa maslahi ya tawala. Mwaka 947 aliozwa kwa Lothar, mfalme wa Italia, ambaye alifariki mwaka 950, akimwacha mjane asiyefikia umri wa miaka 20. Berengar wa Ivrea alijitwalia ufalme, na ili auhalalishe alitaka Adelaide aolewe na mwanawe Adalbert. Adelaide alikataa, naye akatiwa kifungoni. Mwezi Agosti 951 alitoroka, na mwaka huohuo akaolewa na Otto I, mfalme wa Ujerumani.

Tarehe 2 Februari 962, mjini Roma, Papa Yohane XII aliwavika taji wote wawili. Nyaraka za Otto zilimtaja Adelaide kuwa mshiriki wa utawala. Mara nyingi ndiye aliyepeleka mbele ya mfalme maombi ya maaskofu, watawa na raia. Hatimaye Berengar alishindwa, akafia uhamishoni Bamberg mwaka 966. Binti zake wakabaki bila mtetezi. Adelaide, aliyewahi kuwa mfungwa wa baba yao, aliwapokea katika jumba lake na kuwatunza kwa heshima.

Baada ya kifo cha Otto I mwaka 973, mama alifarakana na mwanawe Otto II, akaondoka ikuluni. Abate Maiolus wa Cluny ndiye aliyewapatanisha. Otto II alipofariki mwaka 983, mrithi wake Otto III alikuwa mtoto wa miaka 3, na Henrik wa Bavaria akamteka ili ajipatie enzi. Adelaide na mkwewe Theophanu, binti wa ukoo wa Konstantinopoli, hawakuwa wakipatana; lakini kwa ajili ya mtoto huyo walisimama pamoja, na mwaka 984 Henrik akamrudisha. Theophanu aliongoza dola hadi alipofariki mwaka 991, kisha Adelaide akashika uongozi mpaka mjukuu wake alipoweza kutawala mwenyewe.

Hapo aliuachia utawala bila kung'ang'ania. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwahudumia maskini na kuziimarisha monasteri, hasa ile ya Selz aliyoianzisha, na huko ndiko alikofariki mwaka 999. Papa Urbano II alimtangaza mtakatifu mwaka 1097.

Sisi nasi tumekabidhiwa madaraka, makubwa kwa madogo: katika familia, jumuiya, parokia na serikali. Adelaide anatufundisha kwamba siku tunapopata uwezo wa kulipiza kisasi, ndiyo siku ya kuonesha kama tumesamehe kweli.

Mtakatifu Adelaide, utuombee.